Gari la zamani linavuta na kuachia kwenye lami ndefu: ni hewa, mafuta au moto?

Kila mteja ana namna yake ya kulieleza tatizo hili. Dereva wa Noah anasema gari "inanesa". Mama mmoja wa Chamwino aliniambia, "Fundi, ni kama kuna mtu nyuma kashika kamba. Anavuta, anaachia, anavuta." Mwalimu mmoja kutoka Kongwa alikuja na daftari kabisa, kaandika kilomita, spidi na saa. Wote watatu walikuwa wanasema kitu kimoja. Umeshika mwendo, tuseme 90, mguu umetulia kwenye mafuta, lami imenyooka, lakini gari lenyewe linapata nguvu, linapoteza, linapata tena. Mshale wa RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) unaweza kucheza kidogo au usicheze kabisa. Shingo yako ndiyo inayojua. Mjini huoni kitu, maana mjini nani anashika mwendo mmoja kwa dakika nzima?

Usichanganye na kumisi. Misi ni pigo la ghafla, kama umegonga jiwe. Kuvuta na kuachia ni wimbi, linakuja na kwenda. Wala si sailensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) inayopanda na kushuka ukiwa umesimama, ingawa mara nyingine hayo mawili ni watoto wa mama mmoja.

Ninayoyaandika hapa yanahusu zaidi magari ya petroli ya miaka ya 1980 na 1990, ya kabureta na ya EFI za mwanzo (petroli inapulizwa na injekta kwa amri ya kompyuta): Corolla 110, Carina, Corona, Mark II, Hilux za zamani. Mengi ya hayo bado yanakula lami ya Dodoma kwenda Singida, Iringa na Morogoro kila siku. Mwalimu wa Kongwa alikuwa ameshanunua pampu ya mafuta ya mtumba na seti ya injekta kabla hajafika kwangu, na gari lilikuwa linanesa vilevile. Nitamrudia baadaye.

Kabla ya kufungua boneti

Zima AC. Nasema hivi nikiwa na aibu kidogo, kwa sababu kuna Vitz niliyowahi kuihangaikia asubuhi nzima. Kwenye injini ndogo, kompresa ya AC inaposhika na kuachia unaisikia kabisa kwenye mwendo, na kwa joto la Dodoma la mwezi wa kumi hakuna anayetembea na AC imezimwa, kwa hiyo mteja hajawahi kuliona gari lake bila hiyo. Wimbi likipotea AC ikizimwa, injini haina kosa. Tazama gesi ya AC na kompresa.

Kama gia ni otomatiki, kuna jaribio jingine la bure. Ndani ya gia boksi kuna kitu kinachojifunga ukishafikisha mwendo wa safari ili injini na magurudumu vizunguke pamoja bila kuteleza. Kikiwa kinajifunga na kujifungua hovyo, utaapa kwamba ni injini. Ukiwa kwenye lami tupu, nyuma hakuna gari, mguu wa kulia usiuondoe kwenye mafuta, halafu kwa mguu wa kushoto gusa breki kidogo sana, kiasi cha kuwasha taa za nyuma tu. Swichi ya breki inafungua kile kifungo. RPM itapanda kidogo. Kama wimbi linakatika palepale na kurudi ukiachia breki, acha injini, angalia mafuta ya gia boksi: rangi yake, harufu yake, kiwango chake. Jaribu pia kuzima O/D, ile gia ya juu ya safari.

Baada ya hapo tu ndipo tunaongea habari za injini.

Swali la kuuliza barabarani

Mimi nikitoka na gari la mteja kupita Ihumwa, sibebi mashine. Nasubiri wimbi lije, halafu naongeza mafuta taratibu kama vile nimeanza kupanda kilima. Kinachotokea hapo ndicho kinachoniambia nianzie wapi.

Likitulia ukikanyaga, nawaza hewa. Likizidi, au gari likikosa nguvu kabisa, nawaza mafuta hayafiki. Likianza kupiga mapigo makali ya kumisi, nawaza moto wa plagi.

Sababu yake si uchawi. Injini ikiwa katika mwendo wa kutulia inakula mchanganyiko mwembamba, hewa nyingi na petroli kidogo. Ndivyo ilivyoundwa ili isinywe mafuta. Hapo ikiongezewa hewa kidogo tu isiyohesabiwa, inavuka mpaka: mlipuko mmoja unashika, unaofuata unakuwa dhaifu, wa tatu unashika. Ukikanyaga, kabureta au kompyuta inaongeza petroli, na ile hewa ya wizi inakuwa sehemu ndogo ya hewa yote inayoingia. Wimbi linajificha. Lakini kama tatizo ni pampu au filta, kukanyaga ni kuomba petroli zaidi kutoka kwa mtu asiye nayo. Na plagi? Ukikanyaga, mgandamizo ndani ya silinda unaongezeka, na cheche inapata taabu kuruka. Ndiyo maana waya mbovu hujificha tambarare na kujitangaza mlimani.

Kwa hiyo mteja akija, kabla sijauliza umebadilisha nini, nauliza: ukipanda Nyang'oro kwenda Iringa, au ukitoka Kintinku kupanda Manyoni, linakuwaje? Wengi wanajibu bila kufikiri, na jibu lao linaokoa siku mbili za kazi.

Linatulia ukikanyaga: hewa ya wizi

Mpira haupendi jua letu wala vumbi letu. Mipira ya vakyumu, yaani inayopitisha mvuto wa hewa wa injini, inakauka, inakuwa migumu kama miguu ya kuku wa kienyeji, inapasuka pale inapovishwa kwenye bomba. Macho hayatoshi. Washa injini ikiwa na sailensa, chukua chupa ya kupulizia maji ya kupigia pasi, puliza kidogo kidogo kwenye gesketi iliyo chini ya kabureta, kwenye maungio ya manifoldi (mabomba yanayoingiza hewa kwenye injini) na kichwa cha injini, na kwenye kila mpira. Mlio ukibadilika, umepata. Kuna mafundi wanapuliza petroli au dawa ya kusafishia kabureta. Inafanya kazi, na pia inaunguza magari. Maji yanatosha, ila usiyapeleke kwenye distribyuta, kile kinachogawa moto kwa plagi.

Mpira mnene wa servo ya breki (kile kinachosaidia mguu kukanyaga breki) uubane kwa koleo, taratibu usiupasue. Sailensa ikitulia, servo inavuja ndani.

Kuna mpasuko mmoja unaowashinda wengi. Ni kwenye lile bomba la mpira lenye mikunjo kama akodiani, kati ya boksi la filta ya hewa na throto, ule mlango wa hewa unaofunguka ukikanyaga mafuta. Gari likisimama, mikunjo imebana na hakuna kinachovuja. Ukiwa barabarani, injini inajiegemeza upande mmoja kwenye maunti zake, mikunjo inafunguka, hewa inapita bila kupimwa. Livue bomba lote, likunje kwa mikono kama unakamua nguo, ulitazame likiwa mbele ya jua.

Hapa lazima nitenganishe magari, kwa sababu ushauri mmoja unaopewa kila gari ndio unaopoteza watu. Gari la kabureta, au la EFI lenye kipima hewa kwenye bomba, likivuta hewa ya wizi linakonda na kunesa. Lakini Corolla 110 yenye injini ya 5A haipimi hewa kwenye bomba. Ina sensa ya MAP inayosoma shinikizo ndani ya manifoldi. Hewa ya wizi ikiingia, shinikizo linapanda, sensa inaliona, kompyuta inaongeza petroli. Dalili yake itakuwa sailensa kupanda juu au kucheza, zaidi ya kunesa safarini. Kwenye gari la namna hiyo, mimi naanza na kampira kembamba kanachokwenda kwenye MAP yenyewe. Kakipasuka, sensa inadanganywa, na mafuta yanaongezwa hovyo mpaka bomba la moshi linakuwa jeusi.

Kama una geji ya vakyumu, iunge kwenye manifoldi. Vitabu vinasema injini nzima yenye sailensa isome inchi 17 hadi 21 za zebaki, na sindano itulie. Vitabu hivyo vinazungumzia usawa wa bahari. Geji hupungua karibu inchi 1 kwa kila mita 300 unazopanda, na Dodoma ipo mita 1,100 na kitu. Kwa hiyo 14 hadi 17 hapa kwetu ni afya njema. Nimewahi kukuta injini imefunguliwa kichwa kwa sababu fundi alisoma 15 akasema valvu zimekufa.

Mwinuko huohuo unacheza na kabureta kwa njia ambayo madereva wa masafa wanaijua bila kujua sababu yake. Hewa ya juu ni nyepesi, kabureta inaendelea kumwaga petroli ileile, mchanganyiko unanenepa. Gari lililotuniwa Dar likifika Dodoma linakuwa zito kidogo na kunywa mafuta. Fundi wa hapa analikondesha, linatembea vizuri. Siku likishuka Gairo kwenda Morogoro, hewa inakuwa nzito, mchanganyiko unakonda kuliko inavyotakiwa, na wimbi linaanza. Mteja akikuambia "linanesa nikishuka pwani tu, nikirudi Dodoma limepona," usifungue kitu kingine kabla ya kugusa skrubu na jeti (vitundu vya kupitishia petroli) za kabureta. Boya nalo lipime. Likikaa chini sana, bakuli linakuwa na petroli kidogo na jeti kuu inakosa.

Kwa magari yenye kipima hewa cha waya wa moto, vumbi ndilo adui. Filta ya hewa iliyopulizwa kwa kompresa mara kumi inakuwa na matundu. Inua juu ya taa uone. Vumbi linagandia kwenye waya, waya unasoma hewa kidogo kuliko inayopita, kompyuta inatoa petroli kidogo. Kuna dawa yake ya kupuliza. Kidole usiweke, na kitambaa usiweke.

Viwili vya mwisho kwenye kundi hili ni vya kujaribu kwa kuchomoa. Kama injini yako ina valvu ya EGR, ile inayorudisha moshi kidogo ndani, chomoa mpira wake wa vakyumu, uzibe kwa bolti ndogo, endesha. Wimbi likiisha, valvu imejaa masizi na haifungi vizuri; isafishe uurudishe mpira, usiuache umezibwa. Sensa ya oksijeni kwenye bomba la moshi vilevile: chomoa plagi yake uendeshe kilomita chache. Gari likitulia, sensa imezeeka na ilikuwa inaipeleka kompyuta kushoto na kulia. Taa ya injini ikiwaka kwa sababu umechomoa, hilo ulilitarajia.

Linazidi ukikanyaga: petroli haifiki

Mzee mmoja wa Mvumi ana Hilux ya kabureta anayoipenda kuliko ng'ombe wake, na ng'ombe anao. Alikuja na malalamiko haya: akitoka nyumbani gari zuri, akifika kilomita kama 40 linaanza kunesa, akipanda kilima linataka kuzima. Akisimama kunywa chai, linapona. Fundi wa kwanza alibadilisha filta. Wa pili akasafisha kabureta mara mbili.

Tulitoka wote. Lilipoanza kunesa nikamwambia aweke pembeni, asizime. Nikaenda nyuma kwenye mdomo wa tenki. Kifuniko chake cha asili kiliibwa mnadani, naye akakunja nailoni mara tatu, akaibana kwa kifuniko cha gari lingine kilichokaza kama kizibo. Nilipokilegeza, tenki likavuta pumzi: fyuuu, ndefu, kama mtu aliyetolewa majini. Injini ikatulia hapohapo.

Mzee akacheka. "Yaani mwanangu, kumbe nilikuwa nalinyonga?"

Petroli ikitoka kwenye tenki, lazima hewa iingie kuchukua nafasi yake. Kifuniko kina tundu au kivalvu kidogo cha kazi hiyo. Vumbi likikiziba, au ukiweka kifuniko kisicho nacho, tenki linakuwa tupu la hewa na pampu inashindwa kuvuta. Kwa hiyo hili ni jaribio la kwanza na halina gharama. Likianza kunesa, simama, fungua kifuniko, sikiliza. Hewa ikivutwa kwa nguvu kuingia ndani na gari likipona mara moja, umemaliza kazi.

Kama kufungua kifuniko hakusaidii ila kusubiri dakika kumi kunasaidia, fikiria kichujio kilicho mdomoni mwa pampu ndani ya tenki. Tope na kutu vinavutwa vinajibandika pale, petroli inapungua. Ukizima, taka zinadondoka chini, unapata kilomita nyingine ishirini. Wanaojaza kwa madumu vijijini wanaijua hali hii. Kwenye Toyota ndogo nyingi pampu unaifikia kwa kuinua kiti cha nyuma. Chomoa nguzo ya betri kwanza, fungua milango yote, na ule mtungi wa kuzimia moto usiwe wa kumwonyesha trafiki tu, uwe karibu.

Na kama asubuhi hakuna tatizo, saa nane mchana ndipo linakuja, shuku joto. Kwenye magari ya kabureta bomba la petroli mara nyingi linapita karibu na manifoldi ya moshi. Petroli inachemka ndani ya bomba, pampu inasukuma mvuke badala ya maji yake. Madereva wa zamani walikuwa wanafunga kitambaa chenye maji kwenye pampu na kuendelea na safari, na wala hawakukosea. Tiba ya kudumu ni kulisogeza bomba mbali na moto, au kuweka bati la kukinga joto.

Pampu yenyewe usiihukumu kwa kusikiliza inavyolia. Ya kabureta: chomoa mpira unaoingia kabureta, uelekeze kwenye chupa, washa injini itumie petroli iliyobaki kwenye bakuli. Ndani ya nusu dakika utarajie karibu nusu lita, ikitoka kwa mapigo yaliyo sawa, bila mapovu. Ya EFI inahitaji geji. Toyota nyingi za miaka ya 1990 zinataka psi 38 hadi 44 mpira wa vakyumu wa regyuleta (kidhibiti presha ya petroli) ukiwa umechomolewa, na pungufu kidogo ukiurudisha kwenye sailensa. Lakini shinikizo zuri gereji halimaanishi shinikizo zuri kwenye 100. Mimi nina geji yenye mpira mrefu uliotengenezwa kwa ajili ya petroli yenye presha. Naipitisha nje ya boneti, naifunga kwenye waipa, natoka nayo barabarani dogo akiwa pembeni anasoma namba kwa sauti. Sindano ikishuka pamoja na wimbi, filta au pampu. Sindano ikisimama imara huku gari linanesa, acha kununua pampu.

Kuna ugonjwa mmoja unaofanana na huu lakini si wa mafuta: masega ya kwenye bomba la moshi (katalitiki, kisafisha moshi) yakiyeyuka na kuziba. Gari linakosa pumzi kadiri unavyokanyaga, na geji ya vakyumu inashuka taratibu ukishikilia RPM 2,500. Huko hakuna wimbi hasa. Ni kama kupanda mlima umebeba gunia.

Moto wa plagi, na habari ya mwalimu

Magari ya distribyuta yenye kidude cha vakyumu pembeni yana kosa moja tamu sana kwa fundi anayelijua. Ukiwa katika mwendo wa kutulia, vakyumu inavuta diaframu, diaframu inazungusha sahani ndani ya distribyuta ili cheche iwahi. Kwenye sahani hiyo kuna kiwaya kifupi cha platini (kikata umeme cha cheche) au cha sensa. Miaka thelathini kimekuwa kikikunjwa na kukunjuliwa. Ngozi ya nje inabaki nzima, shaba ndani imekatika. Sahani ikizunguka, kinaachana. Gari linapoteza nguvu, vakyumu inashuka, sahani inarudi, kinagusana, gari linapata nguvu. Hilo ndilo wimbi lako, na hutaliona gereji hata ukae mpaka jioni.

Fungua kofia ya distribyuta. Chomoa mpira wa vakyumu kwenye kabureta, uweke mdomoni, unyonye huku ukitazama ndani. Sahani inatakiwa izunguke kidogo, na ukiziba mpira kwa ulimi ibaki hapohapo. Ikirudi yenyewe, diaframu imetoboka, nayo inakuibia moto na kuingiza hewa ya wizi kwa wakati mmoja. Ikizunguka vizuri, vuta kile kiwaya taratibu kwa vidole. Kiwaya kizima hakirefuki kama mpira. Unaweza pia kuuziba ule mpira kwa bolti na kuendesha hivyo. Gari litakunywa mafuta zaidi siku hiyo, lakini wimbi likiisha umejua pa kwenda.

Waya za plagi zipime kwa mita. Toyota wanaruhusu hadi kiloomu 25 kwa waya mmoja. Ukizidi hapo, tupa.

Sasa mwalimu. Gari lake ni Carina Ti yenye injini ya 7A, na daftari lake lilisema: kati ya 70 na 100, tambarare tu, mguu mwepesi, akikanyaga linapotea kabisa. Kwa kanuni yangu ya juu ningetafuta hewa ya wizi, na kweli nilipoteza saa nzima na chupa ya maji bila kupata kitu. Kisha nikakumbuka kwamba baadhi ya 7A zilizowekwa kwenye Carina, Caldina na Corona Premio kwa soko la Japani ziliundwa makusudi zichome mchanganyiko mwembamba sana katika mwendo wa kutulia, mwembamba kuliko injini ya kawaida, ili kubana mafuta. Ukikanyaga, zinarudi kwenye mchanganyiko wa kawaida. Injini ya namna hiyo haivumilii cheche dhaifu hata kidogo, na udhaifu wenyewe unauona tambarare badala ya mlimani. Nikapima waya: moja 31, nyingine 44. Plagi zilikuwa za aina tofauti na inayotakiwa, na nafasi zake zimeliwa mpaka kidole kinahisi. Tukaweka waya mpya na plagi za namba ileile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Mwalimu akaenda Kibaigwa na kurudi, akaandika kwenye daftari: "Hakuna." Pampu yake ya zamani, ambayo haikuwa na kosa, alikuwa ameshaigawa.

Kuisoma taa bila mashine

Magari haya mengi hayakubali mashine za siku hizi, lakini Toyota wameweka mlango wao. Chini ya boneti kuna kiboksi kimeandikwa DIAGNOSIS. Kifungue, ndani ya mfuniko kuna ramani ya vitundu. Injini ikiwa imezimwa, unganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya. Geuza swichi mpaka taa za dashibodi ziwake, usipige stata. Hesabu taa ya injini inavyopepesa. Ikipepesa haraka haraka bila kupumzika, hakuna kosa lililohifadhiwa. Ikipepesa mara mbili, ikatulia kidogo, ikapepesa mara moja, hiyo ni 21, sensa ya oksijeni. 22 ni sensa ya joto la maji. 25 ni mchanganyiko mwembamba, na ukiiona hiyo rudi kwenye hewa ya wizi na presha ya mafuta. 31 ni MAP au kipima hewa. 41 ni sensa ya throto.

Hiyo 41 mara nyingine haiandikwi hata kama sensa imechoka. Sehemu inayosuguliwa zaidi ni ile ya mguu wa safari, kwa hiyo inaisha pale kwanza. Tumia mita ya mshale, ile ya zamani, kwa sababu mita ya namba inachelewa. Fungua throto taratibu kwa mkono. Mshale upande kutoka chini ya volti 1 hadi karibu 4 au zaidi bila kuruka. Ukiruka mahali pamoja kila mara, umekipata.

Ukimaliza toa kile kiwaya. Kufuta kumbukumbu, chomoa fyuzi ya EFI kwa dakika moja. Na kama uligusa distribyuta, weka taimingi (wakati wa cheche) TE1 na E1 zikiwa zimeunganishwa. Kwa injini za 5A na 7A ni digrii 10.

Dizeli kwa ufupi

Hilux zenye injini za 3L na 5L zikinesa, mara nyingi zinavuta hewa kwenye njia ya mafuta kabla ya pampu. Kata kipande cha bomba la plastiki linaloonyesha ndani, kiweke kati ya filta na pampu ya nozeli, piga resi. Ukiona mapovu yanapita, rudi nyuma: pampu ya mkono juu ya filta, klipu zilizolegea, mipira iliyokauka. Mwaga maji kwenye filta kabla hujalaumu pampu ya nozeli, maana matengenezo yake si ya mchezo.

Ukiwa njiani na gereji iko mbali

Punguza hadi 60 au 70. Fungua kifuniko cha tenki usikilize. Zima AC. Usilazimishe gari linalokosa petroli lipande mlima kwa gia kubwa huku umekanyaga hadi chini. Mchanganyiko mwembamba chini ya mzigo unayeyusha pistoni na kuunguza valvu. Shusha gia, uende polepole. Kama umesimama, usiguse petroli kwenye injini ya moto. Na unapojaribu gari baada ya matengenezo, tafuta kipande kirefu kisicho na vibao vya 50, kwa sababu ukiwa unavizia tochi kila kilomita mbili hutashika mwendo mmoja kwa muda wa kutosha kujua kama limepona. Mimi huwa sikabidhi gari mpaka niende nalo kilomita 50 na kurudi 50, saa nane mchana, tenki likiwa robo.